Chai ya Alasiri London: Unachonunua ni Kiti

Majani ya kutosha buli moja la chai hayafiki gramu kumi. Ongeza maziwa, sandwichi zenye upana wa kidole, skonzi mbili, jamu, malai na vikeki vitatu au vinne vya kumaliza kwa matonge mawili: hapo umeshataja karibu kila kitu anacholetewa mtu anayekwenda kunywa chai ya alasiri katika hoteli kubwa ya London. Kwa vitu hivyo, hoteli maarufu za mitaa ya Mayfair na Piccadilly hutoza kiasi cha pauni 70 hadi 100 kwa mtu mmoja, na hapo shampeni haijafunguliwa.

Wapo wanaosema ni wizi wa mchana kweupe. Wapo wanaodhani majani yenyewe yana miujiza. Wote wanaangalia meza, na jibu haliko mezani. Hoteli inakuuzia kiti kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya watu wanaolipa mamia ya pauni kulala usiku mmoja tu. Chai ndiyo tiketi ya bei nafuu kuliko zote ya kuingia humo na kuhudumiwa kama mwenyeji. Ukilishika hilo, sheria zote zinazowachanganya watu zinaanza kueleweka: kwa nini ulipe kabla hujafika, kwa nini uvae koti, kwa nini sandwichi huongezwa bure lakini keki hapana, na kwa nini saa inakuchunga.

Kisa kinachosimuliwa kila mahali ni cha Anna, mke wa Duke (kabaila wa cheo cha juu) wa Bedford, aliyekuwa katika kundi la wanawake waliomhudumia Malkia Victoria. Inasemekana kwamba miaka ya 1840 alikuwa akishikwa na njaa kila alasiri, akaagiza apelekewe chai na vitafunio chumbani, kisha akaanza kuwaalika marafiki. Kisa hiki kina ukweli wake, ila kinamvika Anna taji kubwa mno. Waingereza walikuwa wakinywa chai tangu karne ya 17. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeacha shajara mashuhuri, aliandika kuhusu kikombe chake mwaka 1660. Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na Mfalme Charles II mwaka 1662, aliipandisha hadhi ikawa kinywaji cha ikulu. Kodi ya chai, iliyokuwa imezidi asilimia 100, ilishushwa mwaka 1784 hadi asilimia 12.5, na tangu hapo hata watu wa kipato kidogo wakaimudu.

Kipya zama za Anna kilikuwa saa. Chakula kikuu cha matajiri, ambacho zamani kililiwa alasiri, kilikuwa kimesogezwa hatua kwa hatua hadi saa moja na nusu au saa mbili usiku. Kati ya mlo wa mchana na huo wa usiku likabaki pengo refu, na chai ikaingia kuliziba. Mwigizaji Fanny Kemble alikumbuka kwamba alikutana na desturi hii mara ya kwanza mwaka 1842 katika kasri la Belvoir, alipoalikwa kunywa chai chumbani kwa huyo huyo mke wa Duke wa Bedford. Ilikuwa bado jambo la faragha, karibu la siri.

Hoteli nazo zilikuwa na pengo lao. Ukumbi unaojaa wakati wa chakula cha mchana hubaki mtupu hadi usiku, huku wahudumu wakilipwa na taa zikiwaka. Chai iliziba pengo hilo vilevile. Hoteli ya Langham, iliyofunguliwa mwaka 1865, hujitangaza kuwa ndiyo ya kwanza kuandaa chai ya alasiri kama huduma ya hoteli, ndani ya ukumbi wake wa Palm Court. Savoy ikafuata mwaka 1889 kando ya mto Thames. Mwaka 1906 César Ritz, Mswisi aliyekuwa ameshajijengea jina Paris, akafungua hoteli yake Piccadilly, nayo ikawa na Palm Court yake: vioo, dhahabu, na ngazi chache zinazomfanya kila anayeingia aonekane na wote waliokwisha kukaa. Ngazi zile hazikuwekwa kwa bahati.

Kuna upande wa historia hii ambao matangazo ya hoteli huupita haraka, nao ndio ninaouona mzito zaidi. Katika London ya karne ya 19, mwanamke aliyejali jina lake hakuwa na mahali pengi pa kuketi mjini bila kusindikizwa na mwanamume. Baa haikumfaa, na klabu zilikuwa za wanaume. Kampuni ya mikate ya ABC ilifungua duka lake la kwanza la chai mwaka 1864, na Lyons ikafungua la kwake Piccadilly mwaka 1894. Maduka hayo ya bei ya kawaida, pamoja na kumbi za hoteli kwa wenye uwezo, yaliwapa wanawake meza zao wenyewe. Baadaye waliodai haki ya kupiga kura walifanyia humo mikutano yao. Kwa hiyo hata wakati ule kilichokuwa kikiuzwa kilikuwa nafasi ya kuketi, kwa heshima, bila kuulizwa umekuja na nani.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia dansi ya tango iliingia London, na hoteli zikaanza kuuza chai pamoja na dansi alasiri. Vita vya Pili vilikata starehe hizo: chai iligawiwa kwa vipimo kuanzia 1940 hadi 1952, mwanzoni wakia mbili kwa wiki kwa mtu mzima, yaani gramu kama 56. Kilichofufuka baadaye kilikuwa tofauti. Nyumbani Waingereza wengi hawanywi chai ya aina hii kabisa. Wanatumbukiza mfuko wa chai kwenye kikombe kikubwa na kurudi kazini. Ile ya sinia la ghorofa tatu imebaki kuwa ya siku za kuzaliwa, ya akina mama na mabinti zao, na ya wageni.

Na saa yenyewe imeachwa. Katika hoteli ya Ritz zamu ya kwanza huanza kabla ya saa sita mchana na ya mwisho huingia usiku. Alasiri imebaki jina la mlo tu.

Pauni zinakwenda wapi

Tuchukue mfano wa hesabu. Orodha inasema pauni 84. Uingereza bei ya mlo huandikwa ikiwa tayari na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa chakula cha kukaa mezani ni asilimia 20. Maana yake pauni 14 ni za serikali na hoteli inabaki na 70. Chini ya bili utakuta ada ya huduma, aghalabu asilimia 12.5, yaani pauni 10.50. Sasa umefika 94.50, na kama ulichukua glasi ya shampeni umeshavuka mia moja.

Katika zile pauni 70, chakula ni sehemu ndogo. Kazi ya mikono ndiyo inayokula fedha. Kikeki kimoja chenye tabaka tano kinaweza kupita mikononi mwa watu watatu, kikianza kutayarishwa siku iliyotangulia. Sandwichi lazima zikatwe karibu na saa ya kuliwa, kwa sababu mkate mweupe usio na ganda hukauka upesi. Kuna mpiga piano. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kung'arisha mabuli ya fedha. Kuna wahudumu wengi kuliko mgahawa wa kawaida, maana meza moja ya watu wanne inaweza kuwa na mabuli manne tofauti yanayohitaji maji ya moto kila mara. Juu ya yote kuna kodi ya jengo lililo katika mitaa ghali kuliko mingi duniani.

Ile ada ya huduma mara nyingi ni ya hiari, hata kama imekwisha kuandikwa kwenye bili. Unaruhusiwa kuomba iondolewe au ipunguzwe, ingawa wageni wengi huona haya. Kilichobadilika ni inakokwenda: tangu Oktoba 1, 2024, sheria inamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi na ada hizo zote bila kukata chake. Ukiona ada kwenye bili, huna deni la kuacha fedha nyingine mezani.

Kwa kuwa bidhaa ni kiti, hasara kubwa ya hoteli ni kiti kitupu. Ndiyo maana utaombwa namba ya kadi au malipo kamili wakati wa kuweka nafasi, na ukikosa kufika bila taarifa unakatwa. Ndiyo maana pia zamu zina mwisho. Mhudumu mzuri hatakuambia uondoke. Ataleta bili bila kuombwa, na hiyo ndiyo lugha yake. Ukitaka kukaa bila kuangaliwa saa, chukua zamu ya mwisho ya siku, ikiwezekana katikati ya wiki. Ijumaa hadi Jumapili hujaa wiki kadhaa kabla, na Desemba, pamoja na umati wake wa Krismasi, ni mwezi ambao binafsi ningeukwepa kabisa.

Mavazi nayo ni sehemu ya bidhaa. Anayelipia kuketi kwenye ukumbi wa vioo na dhahabu analipia pia kuwaona waliomzunguka wakiwa wamependeza. Ritz ndiyo kali kuliko nyingine: wanaume huvaa koti, na jinzi na raba hazipiti mlangoni. Kwingine kwingi wanatosheka na unadhifu. Soma masharti ya nyumba unayokwenda, kwa sababu kurudishwa mlangoni ukiwa umeshalipa ni jambo linalowezekana.

Mezani

Sinia la ghorofa tatu huliwa kutoka chini kwenda juu: sandwichi, skonzi, kisha keki. Ulimi uliokwisha kuzoea sukari hauonji tena samaki wala tango, basi chumvi hutangulia. Hoteli nyingi siku hizi zimeacha kuweka vyote kwa pamoja. Huleta sandwichi kwanza, na skonzi baadaye zikiwa na joto zimefunikwa kitambaa. Ni mabadiliko mazuri, hata kama yanaharibu picha. Skonzi iliyopoa juu ya sinia kwa dakika arobaini imeshakufa.

Sandwichi zina orodha isiyobadilika sana: tango, mayai, samaki samoni aliyefukizwa moshi, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na kuku aliyechanganywa na mayonezi na bizari. Huyo kuku alibuniwa kwa ajili ya karamu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953. Ya tango ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayompima mpishi. Tango likikatwa nene, mkate unalowa. Siagi isipofika kingoni, mkate unalowa vilevile, kwa kuwa siagi ndiyo inayozuia maji. Nyumba isiyojali sandwichi ya tango haijali mengi mengine.

Na hapa bei ya kazi inajitokeza tena. Sandwichi na chai kwa kawaida huongezwa bila malipo mpaka ushibe, skonzi mara nyingine, na keki mara chache, kwa sababu keki ndiyo iliyobeba saa za kazi. Uliza mapema, usingoje mpaka umekwisha kugusa vitamu. Zaidi ya hayo, usile mlo kamili wa mchana siku hiyo. Ni chakula kingi kuliko kinavyoonekana, na zamu ya saa kumi na moja jioni inaweza kabisa kuchukua nafasi ya chajio.

Skonzi ya huku haiumuliwi kwa hamira kama andazi. Ni unga, siagi, maziwa na kiumulio cha unga, vinavyokandwa kidogo iwezekanavyo, kwa hiyo hukatika na kumeguka. Huvunjwa kwa mkono katikati. Haifunikwi tena ikawa sandwichi: kila nusu hupakwa na kuliwa peke yake. Juu yake hupakwa jamu, mara nyingi ya stroberi, na malai mazito ya kusini magharibi mwa Uingereza yanayotokana na maziwa kupashwa moto taratibu kwa saa nyingi kisha kuachwa yapoe, mpaka mafuta yapande juu na kuganda. Malai ya Cornwall yanalindwa kisheria tangu 1998, na ni lazima yawe na mafuta yasiyopungua asilimia 55. Ugomvi kati ya Devon, wanaotanguliza malai, na Cornwall, wanaotanguliza jamu, umewapa Waingereza mada ya kudumu. Mimi naona Cornwall wana hoja ya kiufundi: skonzi ikiwa moto, malai yakigusana nayo moja kwa moja huyeyuka. Ikiwa imepoa, fanya utakavyo.

Kuhusu kidole kidogo kinachoinuliwa hewani, kishushe. Wala usigonge kikombe kwa kijiko ukikoroga. Adabu nyingine utaziona kwa jirani.

Jambo moja linalostahili uangalifu kwa wasomaji wengi wa lugha hii ni halali. Nyama ya nguruwe kwenye sandwichi inaonekana. Jelatini ndani ya vikeki laini haionekani, na inaweza kuwa ya nguruwe. Keki zinaweza pia kuwa na ramu au pombe nyingine. Hoteli kubwa zimezoea ombi la chakula cha halali, kisicho na nyama, au kisicho na ngano, ila jikoni lao linataka kujua siku kadhaa kabla. Ukisema baada ya kukaa, utaondolewa vitu bila kuletewa mbadala wa maana, na bei itabaki ile ile.

Chai yenyewe

Ajabu ya mlo huu ni kwamba kinachoupa jina ndicho kinachopuuzwa zaidi. Wageni hupewa orodha ya chai ndefu, huchagua Earl Grey kwa sababu wamelisikia jina, na hawaigusi tena orodha. Wakati nyumba nyingi zinakuruhusu kubadilisha chai katikati bila kulipa zaidi. Ningeanza na Darjeeling ya India, nyepesi, bila maziwa, pamoja na sandwichi. Skonzi zenye malai zinataka kitu chenye nguvu ya kukata mafuta, na Assam, nayo ya India, ikitiwa maziwa inafaa. Earl Grey ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya bergamoti, aina ya mchungwa mchungu, na harufu yake huenda vizuri na keki za ndimu. Lapsang Souchong ya Fujian nchini China hukaushwa kwa moshi wa msonobari. Inapatana na samoni, lakini kuna wanaoiona kama wanakunywa jiko.

Majani yanayobaki ndani ya buli huendelea kutoa ukali. Kikombe cha tatu kikiwa kichungu si lazima majani yawe mabaya. Omba maji ya moto ya kuzimulia, au buli jipya. Kuhusu maziwa kutangulia au kufuata, Waingereza wameshagombana vya kutosha. Kwenye hoteli hutapata nafasi ya kuamua, kwa kuwa mhudumu humimina chai kwanza ili uone rangi yake.

Kenya ndiyo inayoiuzia Uingereza chai nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na nyingi hupita kwenye mnada wa Mombasa. Lakini fungua orodha ya chai ya hoteli ya kifahari London na jina la Kenya hulioni mara kwa mara. Chai hiyo kwa sehemu kubwa husagwa na kukatwakatwa kuwa punje ndogo zinazotoa rangi na nguvu kwa dakika mbili tatu, sifa kamili kwa mfuko wa chai, kisha huchanganywa na nyingine na kuuzwa kwa jina la mchanganyaji. Hoteli, kwa upande wake, inauza jina la shamba na mlima. Ukiona mchanganyiko wa kifungua kinywa kwenye orodha, uliza asili yake. Kuna uwezekano mzuri kwamba sehemu yake imetoka Kericho au Nandi bila kutajwa.

Kuchagua nyumba

Anayetaka utaratibu wa kale na sherehe kamili atakwenda Ritz, Claridge's, au Savoy, ambako piano hupigwa chini ya kuba la vioo. Fortnum & Mason, duka lililoanzishwa mwaka 1707, lina ukumbi wa chai uliofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 2012, na kwa wanaojali majani kuliko dhahabu ningeanza hapo. Sketch, mgahawa wa Mayfair, ni ulimwengu mwingine: ukumbi wake uliokuwa wa waridi ulibadilishwa kuwa wa manjano mwaka 2022 na kuwekwa kazi za Yinka Shonibare, msanii mwenye asili ya Nigeria. Hoteli ya Berkeley hutengeneza keki zinazoiga nguo na mikoba ya maonyesho ya mitindo. Chai za mada kama hizi zinapendeza, lakini keki iliyobuniwa kufanana na kiatu imebuniwa kwanza kwa ajili ya kamera.

Tahadhari ndogo ukitafuta: hoteli nyingi nje ya Uingereza huiita huduma hii high tea. Kihistoria huo ulikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi wa viwandani, wenye nyama, mkate na jibini, ulioliwa mtu akitoka zamu. Ukiona jina hilo kwenye orodha ya bei, angalia kilichoorodheshwa chini yake kabla ya kulipa.

Na kama kiti chenyewe hukihitaji, kuna njia fupi. Skonzi mbili, jamu, malai na buli la chai huuzwa peke yake kwenye mikahawa mingi kwa sehemu ndogo ya bei ya hoteli. Jumba la makumbusho la V&A (Victoria and Albert) huko South Kensington, London, ambalo lilikuwa la kwanza duniani kuwa na mgahawa wake, lina vyumba vya karne ya 19 vyenye vigae na nguzo ambavyo ukumbi wa hoteli yoyote ungevionea wivu. Kuingia jumba hilo ni bure, huhitaji koti, na hakuna atakayekuletea bili kabla hujaiomba, kwa sababu hapo unalipa kaunta kabla ya kukaa.